Fao la Kukosa Ajira: Nani Anabeba Gharama ya Kusubiri?

Suala lenyewe

Mfanyakazi akiachishwa kazi, mshahara wake hukatika mara moja. Kodi ya chumba haikatiki, wala ada ya mtoto, wala deni la dukani. Kati ya siku ya mwisho ya mshahara na siku ambayo atapata kazi nyingine, au atapata fao kutoka Mfuko wa hifadhi ya jamii, kuna kipindi ambacho watu wengi hukitazama kama jambo la ofisini tu: fomu imepokelewa, faili limefunguliwa, mhusika asubiri.

Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba kipindi hicho cha kusubiri si jambo la ofisini tu. Ni sehemu ya uhusiano kati ya wenye mtaji na wenye nguvu-kazi. Tunasema hivyo kwa sababu gharama ya kusubiri lazima ibebwe na mtu, na yule anayelazimika kuibeba ndiye anayeingia katika soko la kazi akiwa dhaifu zaidi. Kwa hiyo kada au mwanafunzi anayetaka kujua kama sheria fulani ya hifadhi ya jamii inawasaidia kweli wafanyakazi asitosheke na kuuliza ni kiasi gani kinacholipwa. Hana budi kuuliza pia: nani anatakiwa kuthibitisha? Nani anaishi vipi mpaka jibu litoke? Na jibu likiwa hapana, nani anasikiliza malalamiko?

Tutaanza na nadharia kwa kifupi, kisha tutaitazama Uingereza, ambako bima ya kukosa kazi ya kitaifa ilianza mapema na ambayo ndiyo iliyotutawala. Baada ya hapo tutarudi Tanzania Bara na kufuata safari ya ombi hatua kwa hatua.

Kukosa kazi si kosa la mtu binafsi

Katika jamii ya wakulima wadogo wenye ardhi yao mtu anaweza kukosa mvua, anaweza kukosa jembe, lakini hawezi kukosa kazi kwa maana tunayoizungumzia hapa. Kukosa kazi kunatokea pale ambapo mtu hana njia ya kuzalisha mali isipokuwa kuuza nguvu-kazi yake, na hakuna anayetaka kuinunua. Marx, katika kitabu cha Mtaji kilichotoka mwaka 1867, alieleza kwamba ubepari hujitengenezea jeshi la akiba la watu wasio na kazi. Biashara inapopanuka jeshi hilo huitwa kiwandani. Inapodorora hurudishwa mitaani. Na hata linapokuwa mitaani linafanya kazi moja kubwa: kuwapo kwake langoni mwa kiwanda kunamkumbusha aliye ndani asidai nyongeza.

Tukielewa hivyo tutaona mara moja maana ya fao la kukosa ajira. Fao hilo humwezesha aliye nje ya lango kukataa mshahara wa kinyonyaji kwa muda fulani. Humlinda yeye, na kwa njia hiyo humlinda pia aliye ndani. Ndiyo maana waajiri, katika nchi nyingi, wamelipiga vita au wamelikubali kwa masharti. Na ndiyo maana tunasema kwamba fao linaloandikwa katika sheria lakini linachelewa kufika mkononi limepoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Mtu aliyesubiri miezi mitatu, akauza cherehani ya mkewe, akakopa kwa riba, atakubali mshahara wowote ule utakaotajwa. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Sisi tunaongeza kwamba huteremsha na mishahara.

Fundisho la Uingereza

Uingereza ilifungua ofisi za serikali za kuwatafutia watu kazi mwaka 1910, na mwaka 1911 Bunge lake likapitisha Sheria ya Bima ya Taifa. Sehemu ya pili ya sheria hiyo ilihusu kukosa kazi. Iliwagusa wafanyakazi wapatao milioni 2 na robo katika kazi chache ambazo kwa kawaida zilikuwa za kupanda na kushuka: ujenzi, uundaji wa meli, uhandisi wa mitambo na nyinginezo. Watumishi wa majumbani na vibarua wa mashamba waliachwa nje. Vibarua wa mashamba waliingizwa mwaka 1936 tu.

Mfanyakazi alichanga peni 2 na nusu kwa wiki, mwajiri naye kiasi hicho hicho, na serikali ikaongeza theluthi ya jumla ya michango hiyo. Aliyekosa kazi alilipwa shilingi 7 kwa wiki, si zaidi ya wiki 15 katika mwaka. Wiki ya kwanza hakulipwa kitu. Aliyeacha kazi kwa hiari yake bila sababu ya haki, au aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu, alinyimwa fao kwa wiki 6.

Hata hivyo sheria hiyo ilikuwa na mambo mawili ambayo makada hawana budi kuyakumbuka. Kwanza, mtu hakunyimwa fao kwa kukataa kazi iliyoachwa wazi na mgomo, au kazi yenye mshahara ulio chini ya ule wa kawaida wa mahali pale. Yaani sheria haikukubali kwamba asiye na kazi atumiwe kuvunja mgomo wa wenzake. Pili, uamuzi haukuachwa mikononi mwa karani mmoja. Ombi liliamuliwa kwanza na ofisa wa bima. Asiyeridhika alikwenda mbele ya baraza lenye mwenyekiti, mjumbe wa upande wa waajiri na mjumbe wa upande wa wafanyakazi. Na juu ya baraza hilo alikuwapo mwamuzi mkuu. Mambo haya hayakutoka katika huruma ya mabepari. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na nguvu, navyo vingine vilikuwa vimeanza kuwalipa wanachama wao wasio na kazi kabla serikali haijafanya hivyo.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ukosefu wa kazi ukawa mkubwa, na hapo tabia halisi ya dola ikaonekana. Tangu mwaka 1921 aliyeomba nyongeza ya fao alitakiwa kuthibitisha kwamba anatafuta kazi kwa dhati. Baadaye sharti hilo likaenea kwa waombaji wote. Tuliangalie sharti hilo kwa makini. Mtu alitakiwa kutembea kutoka lango hadi lango la viwanda ambavyo kila mtu, pamoja na ofisa mwenyewe, alijua kwamba havina kazi, ili tu aweze kusema kwamba ametembea. Asiyeweza kutaja malango aliyoyagonga alinyimwa. Mzigo wa uthibitisho ulikuwa mabegani mwa asiye na kitu. Sharti hilo lilifutwa mwaka 1930, chini ya Waziri wa Kazi Margaret Bondfield, mwanamke wa kwanza kuingia katika Baraza la Mawaziri la Uingereza.

Lakini mwaka uliofuata, 1931, serikali mpya ya mseto ilipunguza fao. Mwanamume mtu mzima aliyekuwa akipata shilingi 17 kwa wiki akawa anapata shilingi 15 na peni 3. Hali kadhalika ikaletwa kanuni ya kuchunguza mali na kipato cha nyumba nzima kwa wale waliomaliza haki yao ya bima. Wachunguzi waliingia majumbani. Mshahara wa binti anayefanya kazi ulihesabiwa dhidi ya fao la baba yake. Vijana wengine walihama nyumbani ili wazazi wao wasikatwe. Mwanzoni mwa mwaka 1933 wasio na kazi walikaribia milioni 3. Mwaka 1934 serikali ikaunda bodi ya kitaifa ya kusimamia misaada hiyo, na bodi ilipotangaza viwango vyake mapema mwaka 1935, maandamano makubwa yalizuka, hasa Wales ya Kusini, mpaka serikali ikalazimika kusimamisha makato.

Na siku hizi? Mfumo wa malipo ya pamoja ulioanza kutumika Uingereza mwaka 2013, ambao sasa unabeba sehemu kubwa ya misaada kwa wasio na kazi, hulipwa kwa mwezi na kwa nyuma. Mwombaji mpya alisubiri kama wiki 6 kabla ya malipo ya kwanza. Tangu mwaka 2018 anasubiri wiki 5. Asiyeweza kusubiri hupewa malipo ya awali, lakini malipo hayo ni mkopo ambao hukatwa baadaye katika fao lenyewe. Katika mwaka 1911 wiki ya kusubiri ilikuwa moja. Tunaona hapa kwamba kupita kwa miaka hakuleti maendeleo kwa wafanyakazi peke yake. Kilichopatikana kwa nguvu ya umoja wao hupungua umoja huo unapolegea.

Kijiji kilichogeuzwa kuwa bima

Waingereza hao hao waliitawala Tanganyika tangu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mpaka mwaka 1961. Je, walituletea bima yao ya kukosa kazi? Hawakuileta, na sababu yake ni ya kiuchumi.

Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalitegemea vibarua waliotolewa mbali, wale walioitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuwakusanya, SILABU. Kibarua alifanya kazi kwa kipande cha siku 30, na mkataba wake ulipokwisha alirudishwa kwao. Hakuhesabiwa kuwa amekosa kazi. Alihesabiwa kuwa amerudi nyumbani.

Lakini nani alimlisha huko nyumbani? Alilishwa na mke wake aliyekuwa akilima wakati wote ule, na wazazi wake, na shamba la ukoo. Nani alimtunza alipougua? Ni hao hao. Mshahara wa mkonge uliweza kuwa mdogo mno kwa sababu haukulazimika kugharimia utoto wa kibarua, ugonjwa wake, uzee wake wala siku zake za kukosa kazi. Gharama hizo zote zilitupwa kijijini, na ndani ya kijiji zilitupwa hasa juu ya mwanamke. Kwa maneno mengine, bima ya kukosa kazi ilikuwapo, ila aliyekuwa akilipa michango alikuwa mkulima mwanamke, na aliyefaidi alikuwa mwenye shamba la mkonge.

Hali hii haijakwisha kabisa. Mpaka leo, mfanyakazi wa mjini anapopunguzwa kazi, mara nyingi ushauri wa kwanza anaopewa ni kurudi kijijini. Tunapousikia ushauri huo tujiulize nani huko kijijini atakayelipa.

Akiba na bima

Baada ya Uhuru hatua za kumlinda mfanyakazi zilianza kuchukuliwa. Mwaka 1962 ilitungwa sheria ya malipo ya kuachishwa kazi. Mwaka 1964 ikafuata sheria ya usalama wa kazi, iliyopunguza uwezo wa mwajiri kumfukuza mtu apendavyo, na mwaka huo huo ukaanzishwa Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi wa taifa, uliojulikana kwa wengi kama NPF. Sheria ya mwaka 1997 iliugeuza Mfuko huo kuwa NSSF.

Hapa inatupasa kutofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku. Akiba ni fedha ya mtu mwenyewe iliyowekwa pembeni. Anapoihitaji hupewa yake, na ikiisha imeisha. Bima ni fedha ya wote. Aliyepatwa na janga hupewa kutoka katika michango ya wale ambao janga halijawapata. Katika akiba kila mtu anasimama peke yake. Katika bima wafanyakazi wanasimama pamoja. NPF ulikuwa mfuko wa akiba. NSSF ulikusudiwa kuwa bima. Lakini desturi ya kuchukua michango yote mtu anapoacha kazi, yaani fao la kujitoa, iliendelea kuwa tegemeo la wafanyakazi wengi. Tusisahau kwamba kuanzia mwaka 1992, ilipoundwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma, wafanyakazi wengi wa mashirika hayo walipunguzwa. Kwa watu hao fedha ya kujitoa ndiyo iliyonunua mashine ya kusaga, iliyofungua genge au iliyomaliza nyumba.

Kwa hiyo sheria ya mwaka 2012 ilipofuta fao la kujitoa, upinzani ulikuwa mkali, na wafanyakazi wa migodini walikuwa mstari wa mbele. Suala likarudi Bungeni. Wapo waliowaona wafanyakazi hao kuwa hawaelewi maana ya hifadhi ya uzeeni. Sisi tunaona kwamba walielewa vizuri. Mchimbaji ambaye mgodi wake unaweza kufungwa akiwa na miaka 35 aliambiwa asubiri mpaka uzeeni ili apate fedha yake, na wakati huo huo hakupewa bima yoyote ya kipindi cha katikati. Alinyang'anywa akiba kabla hajapewa bima.

Mwaka 2018 mifuko ilipangwa upya: PSSSF kwa watumishi wa umma na NSSF kwa sekta binafsi. Katika mpango huo likaingizwa fao la kukosa ajira. Kwa mujibu wa sheria na kanuni za mwaka huo, mwanachama aliyechangia miezi isiyopungua 18, ambaye ajira yake imekoma bila yeye kuiacha kwa hiari, na ambaye hajapata kazi nyingine, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6. Aliyechangia chini ya miezi 18 hulipwa mara moja asilimia 50 ya michango yake.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mfanyakazi alikuwa na mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mchango wa asilimia 20, wake na wa mwajiri kwa pamoja, ni shilingi 60,000. Kwa miezi 18 imechangwa shilingi 1,080,000. Akikosa kazi atapata kiasi cha shilingi 99,900 kwa mwezi, na kwa miezi 6 jumla itakuwa shilingi 599,400. Aliyechangia miezi 17 atapata nusu ya shilingi 1,020,000, yaani 510,000, kwa mkupuo. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unaweka kipimo cha chini cha asilimia 45 kwa mfanyakazi mwenye mke na watoto wawili. Katika mfano wetu hiyo ingekuwa shilingi 135,000 kwa mwezi. Ni kweli kwamba miezi 6 ni mirefu kuliko wiki 13 ambazo Mkataba huo unazitaja kuwa kiwango cha chini. Lakini ni dhahiri pia kwa nini mfanyakazi anayejumlisha michango yake anaona kwamba akiba ilimpa zaidi. Bima haitakubalika kwa mahubiri. Itakubalika pale itakapofika kwa wakati na kutosha chakula.

Safari ya ombi

Sasa tufuate ombi lenyewe. Fao haliji lenyewe, linaombwa. Mwombaji anajaza fomu, anaonyesha kitambulisho na namba yake ya uanachama, anatoa barua ya mwajiri inayoeleza kwamba ajira imekoma na kwa sababu gani, na anataja akaunti ya benki. Mfuko unalinganisha maelezo hayo na kumbukumbu zake za michango. Kisha unaamua.

Ukiangalia orodha hiyo utaona kwamba nyaraka mbili kati ya zile za lazima hazimo mikononi mwa mwombaji. Ya kwanza ni barua ya mwajiri. Ya pili ni kumbukumbu ya michango, ambayo nayo hutegemea kama mwajiri alipeleka fedha aliyoikata. Haki ya mfanyakazi imefungwa katika kabati la yule yule aliyemwachisha kazi. Mwajiri mbaya hahitaji kupinga ombi. Inatosha achelewe kutoa barua, au aandike sababu isiyo ya kweli, au awe ameacha kupeleka michango ya miezi kadhaa.

Hili la mwisho ni zito. Sheria inamtaka mwajiri apeleke michango ya kila mwezi kabla mwezi unaofuata haujakwisha. Mwajiri asiyefanya hivyo anakuwa amechukua mkopo usio na riba kutoka katika mishahara ya watu wake bila idhini yao. Kosa hilo halionekani wakati kazi inaendelea. Linaonekana siku mfanyakazi anapofika dirishani na kuambiwa kwamba miezi yake iliyoingia ni 14, ilhali yeye amekatwa miezi 20. Kuanzia hapo anasubiri, na muda wa kusubiri kwake hautokani na ugumu wa ombi lake, bali unatokana na deni la mtu mwingine.

Jambo jingine ni la kuacha kazi kwa hiari. Kwa kuwa aliyeacha mwenyewe hana haki ya fao hili, mwajiri anaweza kumbembeleza au kumtisha mfanyakazi aandike barua ya kuacha kazi ili aondoke kwa amani. Karatasi hiyo moja humwondolea haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua kwamba mtu aliyelazimishwa kuacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya kazi hiyo isivumilike amechukuliwa kama aliyeachishwa. Lakini kulithibitisha hilo ni kazi kubwa zaidi kuliko kukataa kuandika barua hiyo tangu mwanzo.

Na hapa kuna mtego ambao kila kada anapaswa kuujua. Mfanyakazi anayeamini kwamba ameachishwa kinyume cha haki anatakiwa kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo huhesabiwa tangu kuachishwa kazi, si tangu jibu la Mfuko litoke. Anayekaa nyumbani akisubiri uamuzi wa fao, akidhani kwamba mambo yote yanakwenda pamoja, anaweza kwenda kwenye Tume siku ya 40 na kutakiwa kwanza aeleze sababu nzito za kuchelewa. Kusubiri upande mmoja kumemnyima haki upande mwingine.

Aidha sheria hiyo ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mambo mengine ambayo hayamngojei mtu wa Mfuko: notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au malipo badala yake, malipo ya kuachishwa kazi ya mshahara wa siku zisizopungua 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, kwa wanaostahili, na hati ya utumishi. Malipo hayo ndiyo yanayoweza kumvusha mtu katika wiki za kusubiri. Mwajiri anayeyazuia anajua anachokifanya.

Maswali matatu na kazi ya kada

Turudi sasa kwenye maswali tuliyoanza nayo.

Nani anathibitisha? Historia ya Uingereza kati ya mwaka 1921 na 1930 inaonyesha kwamba mzigo wa uthibitisho ukiwekwa mabegani mwa asiye na kazi, haki inaweza kubaki kitabuni. Kanuni ya haki ni kwamba anayetunza kumbukumbu ndiye athibitishe. Ikiwa mfanyakazi anaonyesha hati za mshahara zenye makato, basi Mfuko umdai mwajiri. Mfanyakazi asiadhibiwe kwa wizi aliofanyiwa.

Nani anabeba gharama ya muda? Mkataba wa mwaka 1952 unaruhusu siku 7 za mwanzo zisilipwe. Kipimo hicho ni kizuri kwa kujipima. Kila siku inayozidi hapo ni siku ambayo nyumba ya mfanyakazi inaikopesha ofisi. Fao likilipwa baadaye na malimbikizo yake, riba ya dukani haifutiki, wala cherehani iliyouzwa hairudi.

Nani anasikiliza rufaa? Mkataba huo huo unampa mwombaji haki ya kukata rufaa akinyimwa fao au akipinga kiasi chake. Haki hiyo haina maana kama aliyenyimwa hakupewa sababu kwa maandishi. Neno la mdomo dirishani halikatiwi rufaa.

Kwa msingi huo kazi za kada mahali pa kazi ni za wazi. Awahimize wenzake wachunguze taarifa zao za michango mara kwa mara wakiwa bado kazini, kwa sababu pengo la miezi miwili huzibika mapema na halizibiki mwajiri akishafunga kiwanda. Awaambie watunze hati za mshahara na mkataba nyumbani, wasiziache katika kabati la kiwandani. Afundishe kwamba barua ya kuacha kazi haiandikwi kwa kumridhisha meneja. Ahakikishe kwamba aliyeachishwa kazi anazijua siku zake 30. Na mwombaji anaposubiri, asiachwe aende ofisini peke yake kila wiki kama mwombaji wa sadaka. Tawi la chama cha wafanyakazi liandike, lidai jibu kwa maandishi na liweke orodha ya wanaosubiri na tarehe walizoomba. Orodha ya watu 40 wenye tarehe ina nguvu kuliko malalamiko ya mtu mmoja. Vile vile itaonyesha wazi kama tatizo ni mwajiri mmoja asiyepeleka michango au ni ofisi inayozembea.

Kuna jambo moja ambalo hatuna budi kulisema kabla ya kumaliza. Yote tuliyoyaeleza yanamhusu mfanyakazi mwenye mkataba na namba ya uanachama. Watanzania walio wengi hawamo humo. Mkulima, mvuvi, machinga, mtumishi wa nyumbani asiyeandikishwa, kijana aliyemaliza masomo na hajawahi kuajiriwa, hawa hawana miezi 18 ya kuhesabu. Uingereza iliwaacha vibarua wa mashamba nje ya bima kwa miaka 25. Sisi nasi tukiendelea kuijenga hifadhi ya jamii juu ya hati ya mshahara peke yake, tutakuwa tunawalinda wachache na kuwaachia wengine bima ile ile ya zamani ya manamba, yaani jembe la mama kijijini.

Wanafunzi wa siasa ya uchumi wanalo hapa jambo la kuchunguza katika wilaya zao: ni viwanda na mashamba mangapi yanapeleka michango kwa wakati, waombaji wanasubiri siku ngapi, na wanaishi kwa nini katika siku hizo. Majibu yake hayapatikani maktabani. Yanapatikana kwenye mabenchi ya kungojea, kwa kuwauliza walioketi hapo waliomba tarehe gani.